Milango Inayoimbwa Bila Kufunguliwa

Kanzu nyeupe ikidondokewa na mchuzi wa biriani, kinachofuata kwenye beseni ni kioja ambacho kila mfuaji wa pwani amekiona. Doa ni la manjano. Linalowekwa, linapakwa sabuni ya mche, linafikichwa, na papo hapo linageuka jekundu, jekundu la kutisha, kama vile mwenye kanzu amechomwa kisu. Mama anayefua hashtuki. Anajua likisuuzwa kwa maji mengi wekundu utakwisha, umanjano utarudi, na jua la siku mbili tatu litamalizia kazi. Lakini kando ya beseni amechutama mtoto wa miaka mitano, na kwake hii ndiyo mara ya kwanza.

"Mama, damu!"

"Si damu, ni manjano. Hebu toka hapo, utalowa."

Jibu hilo halina kosa. Ni kweli si damu, na ni kweli atalowa. Ila mtoto ameondoka, na ameondoka na somo zima la kemia mkononi bila kulifungua. Miaka kumi hivi baadaye atafundishwa somo lilelile darasani, kwa vikaratasi vya litimasi vya kununua, na pengine ataliona gumu.

Kinachotokea kwenye kanzu ni hiki. Rangi ya manjano inatokana na kitu kiitwacho kurkumini, na kurkumini ni kigeugeu: ikikutana na sabuni, magadi au maji ya majivu, yaani vitu vya jamii ya besi, huwa nyekundu, ikikutana na ndimu, siki au ukwaju, ambavyo ni asidi, hurudi kuwa manjano. Mtoto wa miaka mitano hahitaji kuyajua maneno asidi na besi. Anachohitaji ni nusu ya ndimu. Aikamue juu ya lile doa jekundu aone linavyofifia mbele ya macho yake, kisha apake sabuni tena, likoze. Atarudia mpaka ndimu iishe, na hatachoka kabla ya ndimu.

Mwalimu wa chekechea anaweza kulirefusha jambo hili kwa gharama ya shilingi chache. Akoroge kijiko cha manjano kwa maji kidogo, apake kwenye karatasi nyeupe, aianike ikauke, aikate vipande. Kila mtoto apewe chake na achovye kwenye visahani: maji ya chumvi, maji ya sukari, siki, maziwa ya mgando, maji ya magadi, povu la sabuni, maji ya majivu ya jikoni. Kabla ya kuchovya aseme anadhani itakuwaje. Hapo ndipo penye uzito wa zoezi, kwenye kubahatisha kabla ya kuona, kwa sababu mtoto akishaweka dau lake hatazami tena kwa macho ya mpita njia. Chumvi na sukari hazitafanya kitu, na baadhi ya watoto watakasirika. Hiyo pia ni sayansi.

Linganisha na kinachosikika ukipita nje ya madarasa mengi ya awali saa tatu asubuhi. Watoto arobaini, hamsini, wanaimba kwa pamoja: milango ya fahamu ni mitano, macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Wanaonyesha kwa kidole, wanapiga makofi, wanarudia. Wimbo ni mtamu na watoto wanaupenda. Tatizo ni kwamba mara nyingi somo huishia hapo. Milango inaimbwa, haifunguliwi. Mtoto anaweza kumaliza mwaka akijua kwamba pua hunusa pasipo kuwahi kunusishwa kitu chochote darasani.

Wala si kosa la mtaala. Nchini Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na mtaala uliofuata unataka darasa liwe na kona za kujifunzia, zana zitokane na mazingira, na watoto wacheze. Kenya nayo, katika mtaala wake wa umilisi, imetenga shughuli za mazingira kwa watoto wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali. Karatasi inasema vizuri. Ila mwalimu mmoja mbele ya watoto hamsini, kwenye chumba chenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya wakubwa, huona wimbo ni salama kuliko visahani vya siki. Si haki kumcheka.

Lugha yenyewe iko upande wake. Mswahili husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa. Kitenzi kimoja kinabeba karibu mwili mzima. Na kwenye harufu na ladha Kiswahili ni tajiri kupita kiasi. Samaki ana shombo, kitu kilichooza kina uvundo, ndizi mbichi na mabibo vina ukakasi unaokaza ulimi, embe changa lina ugwadu, limau lina uchachu. Haya si maneno ya kamusi, ni maneno ya sokoni. Mwalimu akiyaleta darasani pamoja na vitu vyenyewe, mtoto hupata majina ya kuainishia dunia, na kuainisha ndiko mwanabiolojia anakoanzia.

Mchezo wa pua hauhitaji zaidi ya vikopo vitano vyenye vifuniko vilivyotobolewa: karafuu kimoja, iliki kingine, mdalasini, kahawa, vitunguu. Mtoto afungwe macho kwa kanga, anuse, ataje. Unguja na Pemba, ambako karafuu huanikwa barabarani kwenye majamvi, watoto watashinda bila jasho, waongezewe vikopo. Halafu wabane pua na kutafuna kipande cha kitu wasichokiona, kiazi kibichi mara hii, tofaa mara ile. Wengi watashindwa kutofautisha. Mtoto aliyewahi kula chakula akiwa na mafua anaelewa mara moja kwa nini hata pilau lilikosa maana: sehemu kubwa ya tunachokiita ladha inapitia puani.

Ulimi nao una kisa chake. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilichora ramani ya ulimi: utamu nchani, uchungu nyuma, chumvi na uchachu pembeni. Ramani hiyo ilitokana na utafiti wa Mjerumani David Hänig wa mwaka 1901, uliokuja kueleweka vibaya na waliomfuata. Hänig aliona tofauti ndogo tu za wepesi wa kuonja kati ya sehemu na sehemu; wachoraji wakazigeuza mipaka. Sehemu zote za ulimi zenye vionjio huonja ladha zote. Mtoto mwenye punje za sukari kwenye ncha ya kijiko, akizigusisha pembeni mwa ulimi, anaweza kukipinga kitabu hicho akiwa na miaka sita. Ni vizuri ajue mapema kwamba jambo hilo linawezekana.

Na hesabu ya milango mitano yenyewe ina walakini. Mtoto akizunguka mahali pamoja mara kumi kisha akasimama, dunia inaendelea kuzunguka, naye anayumba na kuanguka akicheka. Kiswahili kimeiita hali hiyo kizunguzungu, na jina limegonga ndipo. Ndani ya sikio kuna vijifereji vyenye majimaji ambavyo huuambia ubongo mwili unaelekea wapi. Mwili ukisimama ghafla, majimaji yale hubaki yakienda kwa muda. Mwalimu akitaka kuonyesha, azungushe kikombe cha chai yenye majani kwa kijiko kisha akichomoe: majani yanaendelea na safari. Mlango huo hauimo kwenye wimbo, lakini bila huo hakuna mtoto anayeweza kuendesha baiskeli.

Wazo kwamba mikono na pua za watoto zinastahili kufundishwa kabla ya kalamu si geni. Tarehe 6 Januari 1907, daktari wa Kiitaliano Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa wafanyakazi maskini ambao watoto wao walishinda wakizurura wazazi wakiwa kazini. Hakuwapa vitabu. Aliwapa vitu: silinda za mbao za kupachika kwenye matundu yake, vibao vizito na vyepesi vya kupima kwa kiganja, visanduku vya kutikisa na kulinganisha sauti, mnara wa tufali 10 za mraba, dogo kabisa likiwa na upana wa sentimita 1 na kubwa kabisa sentimita 10. Kila kifaa kilikuwa na jambo moja tu la kuhisi, na kilikuwa na ujanja mmoja mkubwa: mtoto akikosea, kifaa chenyewe humwambia. Silinda iliyowekwa tundu lisilo lake hubaki nje, au hubakisha silinda ya mwisho bila makazi. Mwalimu hana haja ya kusema "umekosea".

Leo jina la Montessori limeandikwa kwenye vibao vya shule za chekechea kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, baadhi zikiwa na vifaa hasa, baadhi zikiwa na jina tu na ubao wa chaki. Vifaa asili ni ghali. Lakini visanduku vya sauti ni vibiriti vitupu vilivyotiwa mchele, choroko, mchanga na vifungo, viwiliwili, mtoto atafute pacha wake. Vibao vya uzito ni chupa za maji zilizojazwa viwango tofauti na kufunikwa gazeti. Vizibo vya soda, makopo, mabua, vifuu, mbegu za ubuyu: mwalimu wa awali wa Tanzania amefundishwa chuoni kutengeneza zana kwa vitu kama hivi, na walio wengi wanajua kuzitengeneza. Kinachokosekana mara nyingi ni hatua ya pili, ya kuziteremsha kutoka ukutani zilikotundikwa kwa ajili ya mkaguzi na kuziweka mikononi mwa mtoto, zichakae.

Jaribio zuri kuliko yote kwa ngozi ni la beseni tatu, na mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke alilijadili tangu karne ya 17. Beseni moja ina maji ya moto ya kuvumilika, ya pili maji baridi, ya katikati maji ya vuguvugu. Mkono wa kulia uingie kwenye moto, wa kushoto kwenye baridi, mtoto ahesabu mpaka thelathini. Kisha mikono yote miwili iingie beseni ya katikati. Watoto hunyamaza kwanza. Maji ni yale yale, lakini mkono mmoja unasema ya baridi na mwingine unasema ya moto. Nani mwongo? Hapo mwalimu asiharakishe kujibu. Ngozi haipimi joto la maji. Inapima joto linaloingia au kutoka mwilini. Kwa sababu hiyo hiyo sufuria iliyolala kabatini usiku kucha huonekana baridi kuliko mwiko uliolala kando yake, ingawa vyote vina joto moja. Sufuria hunyonya joto la kiganja upesi, mti hauna haraka. Na ndiyo maana mwiko hauunguzi mkono wa mpishi. Vitu viwili ambavyo mtoto aliviona kila siku vimefungana ghafla kwa uzi mmoja.

Jikoni kuna nyuzi nyingine kama hizo. Mpishi mzoefu akitaka kujua kama yai ni zima hulitumbukiza kwenye maji. Likizama ni jipya, likielea ni la kutupa. Sababu ni kwamba ganda la yai lina vitundu vidogo visivyoonekana. Kadiri siku zinavyopita maji hutoka taratibu, hewa huingia, na chumba cha hewa kilicho upande butu hukua mpaka yai linageuka boya. Sasa mtoto achukue yai jipya lililozama kwenye glasi na atie chumvi, kijiko kimoja cha chakula, cha pili, cha tatu, akikoroga polepole. Yai litainuka. Yai halikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni maji. Mtoto wa Bagamoyo aliyeogelea baharini, kisha akapelekwa likizo Mwanza akaogelea ziwani, atakumbuka kwamba baharini mwili ulikuwa mwepesi zaidi. Na jina Bahari ya Chumvi, ile iliyo kati ya Jordan na Israeli na Palestina, litaacha kuwa jina tu: huko chumvi ni nyingi kiasi kwamba mtu hulala juu ya maji akisoma gazeti.

Au mtungi. Kwa nini maji ya mtungini ni baridi kuliko ya ndoo ya plastiki iliyo kando yake, ilhali yote yametekwa kisima kimoja? Watoto wagusishe viganja kwenye tumbo la mtungi: pana unyevu. Udongo uliochomwa una vitundu, maji huvuja kidogo kidogo, hugeuka mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto. Anayetaka ushahidi alowanishe mkono mmoja na kupuliza yote miwili. Kutokana na kanuni hiyo hiyo, mwalimu wa Nigeria Mohammed Bah Abba aliweka chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, na kupata friji isiyotumia umeme; mbilingani zilizokuwa zikiharibika kwa siku 3 zilidumu hadi siku 27. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex. Hakubuni kitu kisichojulikana. Aliutazama mtungi.

Mafuta ya nazi nayo ni kipimajoto cha bure. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar es Salaam chupa hukaa mwaka mzima ikimiminika, ikasita labda alfajiri chache za Julai. Chupa hiyo hiyo ikipelekwa Lushoto au Njombe hufika jiwe jeupe, na bibi hulazimika kuianika juani kabla ya kupaka mtoto mafuta. Kitu kimoja, maumbo mawili, na mtoto anaweza kukirudisha huku na huko kwa kukishika tu mikononi.

Yako mambo ambayo jicho la mtoto haliwezi kuyapokea bado, na ni vema mkubwa ayajue asije akamwita mjinga. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka 7 hivi, wakiona juisi inamiminwa kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba ndefu, huamini juisi imeongezeka. Kila nyumba yenye ndugu wawili imeshuhudia vita hivyo: mmoja amepewa bilauri, mwingine kikombe, na kilio kinaanza. Kumweleza hakusaidii. Mpe jagi, bakuli, chupa na kikombe, kaa naye nje ambako kulowa si kosa, amimine, arudishe, amimine tena. Siku moja, bila kutangaza, ataacha kulia.

Sauti iachiwe watoto wenyewe, kwa maana wameshaivumbua. Simu ya makopo mawili na uzi uliovutwa ukakaza ni mchezo wa uani tangu makopo yalipoanza kuwapo. Uzi ukilegea, simu inakatika; mtu akiushika katikati, inakatika; maana yake sauti ni mtikisiko na inapita kwenye kitu kigumu vizuri kuliko hewani. Mwaka 1816, huko Paris, daktari René Laennec alikumbuka jambo hilo hilo, kwamba mkwaruzo wa sindano kwenye ncha moja ya gogo husikika kwenye ncha ya pili, akakunja karatasi kuwa bomba na kuliweka kwenye kifua cha mgonjwa. Ndivyo kilivyozaliwa kile kifaa kinachoning'inia shingoni mwa kila daktari. Mtoto akikunja jalada la daftari namna hiyo na kuliweka kifuani mwa mwenzake aliyetoka kukimbia, atausikia moyo ukidunda.

Hata hivyo si kila kitu cha nyumbani ni kifaa. Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe karanga, punje za mahindi au vizibo vidogo pasipo mtu mzima kando yake, kwa kuwa vinapaliza. Maharage na shanga zina tabia ya kuishia puani. Betri bapa za saa na za vitu vya kuchezea ni hatari zaidi kuliko zinavyoonekana: ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa 2, na mahali pake ni hospitali, si maji ya kunywa. Dawa ya kufulia, mafuta ya taa na sumu ya panya zisiwekwe kwenye chupa za soda hata kwa dakika moja. Na kanuni ya ulimi iwe moja, tena isemwe kila siku: huonjwa kile tu ambacho mkubwa amekionja kwanza.

Lakini hata visahani vikipangwa vizuri namna gani, kuna kitu kimoja ambacho havina, nacho ni subira ya mkubwa. Hapa visa viwili vya Tanzania vinafaa kuwekwa sambamba.

Cha kwanza kilianzia Uingereza, kwenye banda la kuku. Msichana wa miaka minne na ushei aliuliza yai linatokea wapi, maana hakuona kwenye kuku tundu la kulitosha. Hakuridhika na majibu, akaingia bandani, akajifunika majani makavu na kusubiri. Alikaa humo saa nne hivi. Nyumbani walikuwa wamemtafuta kila mahali na polisi wameshaitwa. Alipotoka mbio, majani yamejaa nywelani, mama yake hakumchapa wala hakumfokea. Aliyaona macho yake yanavyong'aa, akaketi, akamsikiliza akieleza jinsi kuku alivyoinuka na yai likadondoka. Msichana huyo alikuwa Jane Goodall. Mwaka 1960, alipotaka kwenda Gombe, Kigoma, kuwatazama sokwe, serikali ya kikoloni ilikataa msichana kukaa porini peke yake, na aliyefunga safari kumsindikiza ni mama yule yule, Vanne. Mwaka huo huo Goodall alimwona sokwe akichomeka jani kwenye kichuguu na kulivuta na mchwa, kitendo kilichowalazimisha wanasayansi kuacha kusema kwamba binadamu peke yake ndiye atumiaye zana. Njia aliyotumia Gombe ilikuwa ile ya bandani: kukaa kimya na kutazama.

Cha pili kilianzia kwenye aiskrimu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alichemsha maziwa na sukari kama wenzake. Kanuni ilikuwa kuyaacha yapoe kwanza. Nafasi kwenye friza ilikuwa inagombaniwa, naye akaona bora aingize yake yakiwa moto kuliko kukosa. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyeingiza yasiyo ya moto bado. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipouliza tena miaka kadhaa baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na darasa likapata neno la kumtania kwa kila kosa alilofanya. Hakunyamaza. Profesa wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, alipoitembelea shule, kijana akasimama akauliza swali lile lile, wenzake wakaangua kicheko. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, lakini akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja, na jambo hilo likaitwa duniani kote athari ya Mpemba.

Wanasayansi wanabishana hadi leo kama athari hiyo ni ya kweli siku zote, na watafiti walioipima upya mwaka 2016 hawakuiona. Haidhuru. Swali la kijana aliyekuwa akiwahi nafasi kwenye friza limewashughulisha maprofesa kwa zaidi ya nusu karne, na lilikaribia kufa mara mbili mdomoni mwa mwalimu.

Si kwamba wale walimu walikuwa wabaya. Waliulizwa wasilolijua mbele ya darasa, na aibu ni jambo zito. Dawa yake ni fupi: "Sijui. Tujaribu." Mwalimu wa awali ana bahati kuliko wa kidato, kwa sababu watoto wa miaka mitano hawamcheki mtu mzima asiyejua, wanafurahi kumpata mwenzao. Vipindi vya katuni vinavyotengenezwa Dar es Salaam, kama Ubongo Kids iliyoanza mwaka 2014 na Akili and Me ya wadogo zaidi, vimewazoesha watoto wahusika wanaouliza na kukosea kwa Kiswahili. Televisheni lakini haina harufu, wala haiwezi kulowa.

Kwa anayetaka kuanza na kitu kisichohitaji hata beseni, upo uwanja na lipo jua. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kuchomoza kwake, kwa hiyo mtoto wa hapa ana nusu ya somo tayari. Asimamishe kijiti kwenye sementi ya uani, kwa donge la udongo, na kila baada ya saa moja achore kwa mkaa ncha ya kivuli ilipofika. Asubuhi kivuli kirefu kimeelekea magharibi, kinafupika, kinageuka, jioni kinarefuka upande wa pili. Jua lenyewe asilitazame kamwe; kivuli kinatosha.

Kisha arudie mwanzoni mwa Machi, au karibu na tarehe 10 Oktoba, akiwa Dar es Salaam. Siku hizo jua hupita juu kabisa ya jiji. Saa sita na ushei mchana kivuli kinanywea, kinaingia chini ya kijiti, kinatoweka. Kwa dakika chache chupa haina kivuli, nguzo ya umeme haina, na mtoto anazunguka mahali alipo, akiinua mguu mmoja baada ya mwingine, akitafuta chake.